Aliyemtaja Baba Mkwe

Ukipita Kisondela ukauliza kwa nini Esnath anaishi peke yake, ilhali mumewe yu hai, ana kazi nzuri Zambia na hajaoa mwingine, utajibiwa kabla hujamaliza swali. Alimtaja baba mkwe wake. Wanawake watakuambia huku wakimenya ndizi, vijana wa bodaboda watakuambia huku wakifuta pikipiki, na mwenye haraka atakuambia huku anatembea. Alimtaja, mzee akafa. Lisemwalo lipo, wanamalizia. Lipo, ndiyo, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili amekaa nayo Esnath mwenyewe, akipalilia parachichi zake kimya, na kijiji kizima hakijawahi kumuuliza.

Esnath ni Mnyakyusa mwenzao, mtu wa Nkunga. Alimaliza kidato cha nne, na katika masomo yote alilipenda moja, Kiingereza, kwa sababu alikuwa na mwalimu mkali aliyewakataza kufungua kinywa kwa lugha nyingine. Alipoolewa Kisondela na Lwitiko, Kiingereza kile alikiweka kabatini pamoja na sare za shule. Kwa nani angekisema? Huko alikokwenda alitakiwa kujua kunyamaza.

Katika nyumba ile mkaza mwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, hali mbele yake, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake shambani. Mjini Tukuyu siku hizi utamwona binti anamshika baba mkwe mkono na kupiga naye picha, na wapo wanaosema mila hizo zimekwisha. Zimekwisha kwao. Mzee huyu alikuwa mzee wa kanisa, mkemea pombe na waganga, lakini hili la mkwe hakuona kama lina ugomvi na Biblia. Akitokea njiani, Esnath alijibanza migombani mpaka kofia yake ipite. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo.

Wala usidhani yalikuwa mateso. Kila alipokata mkungu mzuri, mzee aliuweka mlangoni pa jiko la Esnath alfajiri, akaenda zake bila neno. Esnath alipojifungua Tulia kwa upasuaji, mzee alishinda nje ya hospitali, ameketi majanini na fimbo yake, mpaka alipoambiwa mama na mtoto wako salama. Hapo aliinuka akaondoka, ili mkwe wake akitoka asimkute. Miaka yote ile hawakuwahi kusemezana, na Esnath alijua anapendwa na mzee yule kuliko alivyopendwa na baba yake wa kumzaa.

Lwitiko ni fundi wa magari makubwa ya mgodini. Alipata mkataba na kampuni moja huko Chingola, Zambia, akaenda, na alipokwisha kupanga nyumba akamwita mkewe. Tulia walimwacha shule ya bweni, Mbeya. Pamoja na mkataba ilikuja bima ya afya, na pamoja na bima kadi ya plastiki, ambayo Lwitiko kila akija likizo aliitoa mfukoni watu waione. Waliishika kwa zamu. Mpaka mzee Erasto, mdogo wake baba mkwe, aliigeuza nyuma na mbele kama anayetafuta mahali dawa inapotokea.

Aisifuye mvua imemnyea. Esnath mwenyewe alikwisha kunyeshewa. Mwaka wa kwanza tu jino lilimuuma, akaenda kliniki ya karibu na kadi yake, akaambiwa kliniki hiyo haimo kwenye orodha ya bima. Akaenda iliyomo, akaambiwa mgeni alete kwanza namba ya kibali cha kuishi nchini. Akaleta. Akaambiwa meno hayamo. Aling'olewa jino kwa pesa ya vitumbua alivyokuwa akiuza sokoni, akarudi nyumbani na shavu limevimba na somo moja kichwani: huku ugenini mtu haumwi kabla hajaombewa ruhusa ya kuumwa. Ndipo Kiingereza kilipotoka kabatini. Lwitiko alikuwa akiwapigia watu wa bima anapandisha sauti mpaka wanamkatia simu. Esnath alisema nao taratibu, akangoja, akauliza jina la anayezungumza naye. Ndani ya nyumba ile mambo ya bima yakawa yake.

Nyumbani nako mzee alikuwa anaumwa. Miguu ilianza kumvimba mwaka aliokufa mkewe, kisha pumzi ikawa inamkatikia kwenye vilima alivyovipanda tangu utotoni. Daktari wa Tukuyu alimwambia ukweli, kwamba ni moyo, akampa dawa na kumwandikia aende kwa mtaalamu, mbali. Mbali kuna nauli, kuna pa kulala, kuna vipimo. Lwitiko akaona njia ya mkato. Kampuni iliruhusu mfanyakazi amwongeze mzazi kwenye bima, ilimradi mzazi huyo aishi naye huko na atibiwe huko. Waliuliza swali moja tu: mzazi ana ugonjwa wowote? Lwitiko alijibu hana.

Tusimrukie. Ni nani mwenye baba anayelala ameketi kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, ambaye angejibu vingine? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na bima. Kwenye bima anayeumbuka ni msema kweli.

Mzee alipofikishwa Chingola kwa basi, kupitia mpaka wa Tunduma, miguu yake ilikuwa haiingii viatuni. Jioni ile, Lwitiko akiwa anaosha mikono jikoni, alimwambia mkewe kwa sauti ya chini:

"Mama Tulia, tutakaa wiki chache, kisha tutampeleka. Baba ameanza kuumwa hapa hapa Chingola. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Na yeye umemwambia?"

"Baba nitamwambiaje aseme uongo? Mzee wa kanisa yule. Hataulizwa. Hajui Kiingereza."

Esnath alikubali. Kwa nini asikubali? Alitaka mzee apone kuliko alivyotaka kitu kingine chochote mwaka ule.

Lakini nyumba ya Chingola haikujengwa kwa ajili ya watu wa Kisondela. Ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi, jiko na ujia mmoja mwembamba wa kwenda chooni. Mgomba wa kujibanza haukuwapo. Wakajitungia utaratibu, na aliyeutunga ni mzee, kwa kumtuma mwanawe. Akitaka kutoka chumbani atakohoa mara mbili. Esnath akisikia atagonga mfuniko wa sufuria, maana yake nimesikia, ngoja. Ataingia chumbani kwake afunge mlango, agonge tena, maana yake pita. Chakula alikiweka kwenye kigoda mlangoni pa mzee, akagonga mlango kidogo na kuondoka. Jirani yao, mama mmoja wa Kibemba waliyemwita Bana Chanda, yaani mama Chanda, alicheka mpaka akajishika mbavu alipoelezwa. "Sasa mnaishi kwa kengele, kama shuleni," alisema. Esnath naye alicheka. Utaratibu ulifanya kazi vizuri, na kupitia mfuniko ule alihisi kwa mara ya kwanza kwamba yeye na mzee wanazungumza.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Lwitiko alikuwa zamu, na mgodini pale simu huachwa getini. Esnath alikuwa anakanda unga wa vitumbua. Mzee akakohoa. Esnath akagonga mfuniko, akaingia chumbani kwake na mikono ya unga, akafunga mlango, akagonga tena. Akangoja kusikia miguu ikipita. Mzee akakohoa tena. Masikio yanaanza kumtupa, Esnath aliwaza, akagonga kwa nguvu zaidi. Kikohozi. Mfuniko. Kikohozi tena, na yeye akagonga mpaka unga ukadondoka kwenye kanga yake. Kisha kimya, naye akashukuru, amepita. Akasimama ameegemea mlango, akimpa mzee mwenye miguu mibovu nafasi ya kwenda chooni na kurudi kwa heshima yake.

Alingoja mno. Mlango wa choo haukulia, na mlango ule hulia kila mara. Akafungua kidogo, akachungulia kwa jicho moja, na jicho lile ndilo lililomwona baba mkwe wake kwa mara ya kwanza kutoka karibu. Ameketi sakafuni kwenye ujia, mgongo ukutani, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, povu kwenye kona ya mdomo. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa kuelekea mlango wa Esnath. Hakuwa anaomba njia. Alikuwa anaomba msaada, na yeye alikuwa anamjibu kwa sufuria.

Esnath alimshika. Alimpakata kifuani kama mtoto ili asilale chali, akapaza sauti kumwita Bana Chanda, na Bana Chanda akaja mbio na nguo moja begani. Wakampokezana. Esnath akachukua simu, akapiga namba ya bima iliyobandikwa kwenye friji. Bila idhini yao hospitali ya kulipia isingefungua hata geti, alilijua hilo kuliko alivyojua sala ya chakula. Muziki ukapigwa sikioni mwake. Ukapigwa mpaka alitamani kumkaba aliyeupiga. Hatimaye kijana mmoja mwenye sauti safi akajibu, wakazungumza kwa Kiingereza.

"Jina kamili la mgonjwa?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Sawa, mama. Jina lake?"

"Namba ya kazi ya mume wangu ninayo, nikusomee."

"Nitaichukua. Lakini kwenye namba hiyo kuna wanafamilia wanne. Lazima unitajie ni yupi."

"Mzee," Esnath alisema. "Ni yule mzee."

"Mama, mfumo hauna mzee. Una majina."

Alimgeukia Bana Chanda. Bana Chanda alimjua mzee kwa jina la Shikulu tu, jina ambalo Wabemba humwita kila babu. Kadi yenye jina ilikuwa kwenye pochi ya Lwitiko, na pochi ilikuwa mgodini. Kijana wa simu aliuliza kama bado yupo. Esnath alimtazama mzee kwenye mapaja ya jirani, kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto, akafumba macho, akasema:

"Abrahamu Anyosisye Mwakalobo."

Mzee alifumbua macho. Alikuwa amesikia. Akamtazama Esnath kidogo, akayafumba.

"Asante. Sasa nitajie herufi kwa herufi."

Basi akalivunja. Jina ambalo asingelitamka hata akiota aliligawa vipande vipande, akamkabidhi mtu asiyemjua, na kila herufi kijana yule aliirudia kwa sauti yake safi, akakosea mbili, akaomba aanze upya. Esnath akaanza upya. Jasho lilimtiririka kama aliyekuwa analima. Mwisho akapewa namba ya idhini, akaiandika ukutani kwa kidole chenye unga.

Hospitali ilikuwa safi, yenye maua na viti laini, na geti lilifunguka kweli. Mzee aliwekwa kwenye kitanda cha magurudumu, akavalishwa kifuniko cha hewa, daktari akasema alazwe mara moja. Esnath alikaribia kupiga magoti. Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja mpole, ana miwani na beji ya bima shingoni. Alisema idhini ya simu ni ya kumpokea tu. Ya kumlaza anatoa yeye, na ana swali dogo.

"Matatizo haya yalimwanza lini?"

Esnath alifungua kinywa kusema wiki iliyopita. Maneno yalikuwa tayari. Mwanamke yule akainua kidole.

"Samahani, dada. Ana fahamu. Sheria yetu inasema aulizwe mgonjwa mwenyewe. Wewe nitafsirie."

Fikiria basi. Mkaza mwana anaambiwa amsemeze baba mkwe wake, mbele ya watu, jambo la mwili wake. Esnath aliinama karibu na uso ule, macho yake yakiwa kwenye kidevu cha mzee, akamwita baba kwa Kinyakyusa, akamuuliza, "Tata, wanauliza uliugua lini."

Mzee alisogeza kile kifuniko cha hewa kwa mkono wake. Hakugeuza uso. Alimtazama mkwe wake machoni, na Esnath naye, kwa kuwa hapakuwa na mgomba wala nguzo, akamtazama.

"Mwanangu," mzee alisema kwa Kinyakyusa, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Waambie miguu ilianza mwaka aliokufa mama yenu. Waambie daktari wa Tukuyu alisema ni moyo. Hawa wamenipokea vizuri. Sitaki wahangaike kutafuta ugonjwa ambao unajulikana."

Ndivyo alivyofikiri. Alidhani anawasaidia.

Mwanamke wa bima alingoja, kalamu mkononi. Hapakuwa na mtu mwingine mle ndani aliyejua Kinyakyusa. Esnath angeweza kusema lolote. Alikumbuka maneno ya mumewe jikoni, aliyakumbuka yote, alijua sentensi moja ya uongo ingekuwa ni kitanda na dawa. Lakini hayo yalikuwa maneno ya kwanza ambayo mzee yule alimpa mkononi maishani mwake. Alikuwa amemwita mwanangu. Alikwisha kumshika, alikwisha kumtaja, na sasa alitakiwa achukue neno la kinywa chake, hapo hapo mbele ya macho yake, aligeuze. Mdomo ulikataa. Akatafsiri kama alivyofundishwa na yule mwalimu mkali wa Nkunga, bila kupunguza wala kuongeza: mwaka, miguu, daktari, moyo.

"Asante kwa ukweli wako," mwanamke alisema, na alionekana kusikitika kweli. Ugonjwa uliomtangulia mtu kabla ya kuingia kwenye bima, alieleza, hauko kwenye bima. Watamtuliza, kisha itabidi ahamishwe.

Mzee aliuliza wanasemaje. Esnath akamwambia, "Wanashukuru, tata."

"Ndaga," mzee alisema, yaani asante, na akajirudishia kifuniko.

Alihamishiwa hospitali ya umma, na manesi wa kule walifanya walichoweza kwa vitanda walivyokuwa navyo. Jioni Lwitiko alifika na viatu vya mgodini, akamkuta baba yake koridoni. Aliambiwa bima imekataa, akatukana, akapiga simu, akakatiwa. Mzee alikufa kabla wiki haijaisha, ameketi, kama alivyozoea kulala.

Na sasa sikia hili. Bima ile ile ilikuwa na mkono wa pili, wa mazishi, na mkono huo haukuwa na swali la ugonjwa wa zamani. Hakuna aliyemuuliza marehemu alianza kufa lini. Lilitolewa jeneza lenye kioo, gari lenye kiyoyozi, na madereva wawili wa kupokezana, na mpakani pale ambapo mzee alipita akiwa hai amesimama juani kwenye foleni, maiti yake ilipita kwa saluti. Alirudi Kisondela kwa heshima ambayo mwanawe hakuwahi kuiona katika miaka yote ya kukatwa mshahara kwa ajili ya bima. Watu walisema Lwitiko kamzika baba yake vizuri. Wengine walilishika gari kwa mkono.

Msibani, wanawake walipokuwa wanapika, binti wa marehemu, Tusajigwe, alimsogelea Esnath akimtaka amsimulie baba alikufaje. Esnath alilia, akasimulia. Alisimulia kikohozi, mfuniko, simu. Alisema, "Wifi, mpaka nikamtaja. Majina yote matatu." Alilisema hilo kama ushahidi wa jinsi alivyopigania. Mdomo uliponza kichwa. Tusajigwe aliacha kulia, akasogea pembeni, na kabla ubwabwa haujaiva uwanja mzima ulikwisha kujua. Ya pale kitandani Esnath hakufika kuyasimulia, kwa sababu hakuwa na wa kumsikiliza tena.

Baada ya maziko mzee Erasto aliwaita wa ukoo. Alizungumza kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa, taratibu, bila ukali.

"Sisi hatumfukuzi mtu. Tunauliza tu. Kaka yangu alikuwa anapumua. Mkwe akamshika, akamtaja mara mbili, tena kwa wageni, mpaka herufi. Siku ile ile akahamishwa kitanda, na hakuinuka tena. Mama Tulia mwenyewe ndiye aliyesema. Sasa mtu aseme, lililomwangusha ni nini?"

Esnath alikuwa ameketi chini na wanawake, kichwa kimefunikwa. Aliyejibu alikuwa Lwitiko. Alisimama, na jinsi alivyomsogelea mzee Erasto, watu walidhani atapigana.

"Baba mdogo, mke wangu alikuwa peke yake. Mimi mwana wa kumzaa nilikuwa chini ya gari, simu yangu iko getini. Angemwacha baba afe sakafuni kwa ajili ya heshima? Hata ningekuwa mimi ndiye mkwe, ningelitaja jina lile mara mia. Baba yangu aliuawa na bima. Mwenye kumgusa mke wangu aanze na mimi."

Hawakubishana naye. Erasto alitikisa kichwa, akasema ndaga, amesikia. Chini ya kanga yake Esnath alilia upya, na kilio kile kilikuwa na furaha ndani yake, aibu yake ni hiyo, katika msiba ule alikuwa na furaha. Katika ndoa yao yote mumewe hakuwahi kusimama mbele ya ukoo wake kwa ajili yake. Alisema moyoni kwamba waseme watakavyo, mtu wake anajua.

Siku chache baadaye walikuwa kaburini, kwenye migomba nyuma ya nyumba, pembeni ya kaburi la mama mkwe. Lwitiko alikuwa anasawazisha udongo kwa jembe na Esnath anapanga mawe ukingoni. Tiketi zao za kurudi zilikwisha katwa. Simu ya Lwitiko ikaita. Alikuwa amewaandikia bima malalamiko, akitaka wakiri kosa, na sasa walikuwa wanamjibu. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alisema ndiyo, akasema hapana, akasema rudia. Alipomaliza aliirudisha simu mfukoni, akaendelea kusawazisha mahali ambapo palikwisha kuwa sawa.

"Wanasema hawakukosea," alisema. "Wanasema baba aliugua tangu Tukuyu. Wanajua na mwaka. Wanajua mpaka daktari alimwambia nini."

Esnath aliweka jiwe.

"Nani aliwaambia?" Lwitiko aliuliza.

"Yeye mwenyewe," Esnath alisema. "Walimuuliza, akajibu."

Lwitiko aliegemea jembe, akamtazama mkewe, na Esnath akaona uso ule unafika pale ambapo yeye alikuwa amekaa peke yake tangu siku ile.

"Baba hakujua Kiingereza," Lwitiko alisema.

Esnath alijifunga upya kitenge chake, polepole. Angeweza kusema mengi, na Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza vyote alikuwa navyo.

"Aliniita mwanangu," alisema.

Akaokota jiwe jingine, akalipanga. Jumatatu Lwitiko alishuka peke yake mpaka barabarani na begi lake, akapanda basi la Tunduma, na kijijini wakasema ni kwa sababu ya lile jina.